Hukumu, Uamuzi, Amri, Tuzo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Maneno ya Mahakamani na Kesi Rejea

Mtu akitoka mahakamani na karatasi mkononi, swali la kwanza analoulizwa nyumbani ni "umeshinda au umeshindwa?" Lakini kuna swali linalotangulia hilo: karatasi yenyewe inaitwaje? Jina lake ndilo linaloamua kama unaweza kuipinga, unaipinga wapi, na una siku ngapi. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayorudiwa zaidi na watu wanaotafuta msaada wa kisheria. Mifano mingi ni ya Tanzania Bara. Kenya na Uingereza zimetajwa pale ambapo mashauri yao yanatugusa kweli.

## Karatasi uliyopewa inaitwaje?

1. Hukumu ni nini hasa?

Hukumu ni kauli ya mahakama inayomaliza shauri baada ya kusikiliza pande zote na kupima ushahidi. Katika shauri la madai, hukumu iliyokamilika huwa na mambo manne: maelezo mafupi ya shauri, hoja zinazobishaniwa, uamuzi juu ya hoja hizo, na sababu za uamuzi huo. Katika jinai huongezwa kosa ambalo mshtakiwa ametiwa nalo hatiani, kifungu cha sheria, na adhabu.

Kati ya hayo manne, sababu ndizo za kutazamwa kwanza. Hukumu inayosema tu "mdai ameshindwa kuthibitisha madai yake" bila kueleza ushahidi upi ulikataliwa na kwa nini, ni hukumu yenye ufa, na ufa huo peke yake ni hoja ya rufaa. Kwa hiyo usiridhike na ukurasa wa mwisho. Anza kusoma katikati, hakimu anapopima maneno ya mashahidi.

2. Uamuzi na hukumu si kitu kimoja?

Kila hukumu ni uamuzi, ila si kila uamuzi ni hukumu. Njiani kabla ya hukumu, mahakama huamua mambo mengi: mshtakiwa apewe dhamana au la, kielelezo kipokewe au kikataliwe, muda uongezwe, mshtakiwa ana kesi ya kujibu au hana. Maamuzi hayo ya njiani ndiyo yanayoitwa uamuzi mdogo.

Neno "mdogo" lisikulaghai. Upande wa pili ukileta pingamizi la awali kwamba shauri lako limefunguliwa nje ya muda, na pingamizi likakubaliwa, uamuzi huo mdogo umelimaliza shauri bila shahidi hata mmoja kupanda kizimbani. Kama uamuzi mdogo unaweza kukatiwa rufaa, tazama swali la 9.

3. Amri, dikrii na tuzo zinaingia wapi?

Amri ni agizo la mahakama: zuio la muda ili nyumba isiuzwe, wito wa shahidi, kuahirisha shauri, nani alipe gharama. Amri inaweza kuwa mstari mmoja tu ndani ya mwenendo wa shauri.

Dikrii ni waraka mfupi rasmi unaochujwa kutoka kwenye hukumu ya madai. Hautaji sababu. Hutaja wahusika, kilichodaiwa, na kilichoamriwa. Baadhi ya watu huuita tuzo. Huu ndio waraka unaokazwa, yaani unaotekelezwa kwa nguvu ya mahakama, na watu wengi hugundua umuhimu wake wakiwa wamechelewa. Dalali wa mahakama akija shambani haji na zile kurasa thelathini za hukumu, anakuja na amri ya kukaza kilichomo kwenye dikrii. Kama hukumu ilisema ekari tano na dikrii ikaandika tatu, utakabidhiwa tatu. Kama mipaka haikutajwa, mtaanza kugombana upya mbele ya dalali. Siku unapokabidhiwa dikrii, ilaze kando ya hukumu uisome neno kwa neno. Kosa la uandishi linasahihishwa kwa maombi mepesi likiwahiwa, na mahakama ndiyo iliyolifanya, kwa hiyo usione haya kuomba.

Neno tuzo lina makao mengine pia: uamuzi wa mwisho wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi katika migogoro ya kazi huitwa tuzo. Asiyeridhika nayo ana wiki sita za kwenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, kuomba ifanyiwe marejeo.

4. "Amehukumiwa" maana yake amefungwa?

Mtaani ndivyo tunavyosema: amehukumiwa miaka thelathini. Mahakamani ni hatua mbili. Kwanza mshtakiwa anatiwa hatiani, yaani mahakama inaridhika kwamba alitenda kosa. Kisha, baada ya kusikiliza maombi ya kupunguziwa, mahakama inatoa adhabu. Unaweza kupinga kutiwa hatiani, unaweza kupinga adhabu peke yake, unaweza kupinga vyote viwili. Taja wazi unachopinga. Mtu aliyekiri kosa kwa maneno yasiyo na utata kwa kawaida hubaki na njia ya kulalamikia adhabu tu.

5. Ndugu yetu amefutiwa mashtaka. Ameshinda kesi?

Inategemea amefutiwa vipi, na swali hili limewaliza wengi.

Kuna kuachiwa huru baada ya mahakama kuona hana hatia, au kuona hana kesi ya kujibu. Huyo ameshinda. Hawezi kushtakiwa tena kwa kosa lilelile, ingawa Jamhuri inaweza kukata rufaa.

Na kuna kuachiwa kwa sababu Mkurugenzi wa Mashtaka ameieleza mahakama kwamba hana nia ya kuendelea na mashtaka. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa uwezo huo wakati wowote kabla ya hukumu. Hapo mahakama haijasema lolote kuhusu hatia. Mshtakiwa anaachiwa, lakini kuachiwa huko hakumkingi kabisa asikamatwe tena na kufunguliwa mashtaka yaleyale. Ndiyo maana huonekana mtu anatoka kizimbani huku familia ikishangilia, na kabla hajafika getini amewekwa tena chini ya ulinzi. Kabla ya kuchinja mbuzi, muulize karani: ameachiwa kwa kifungu kipi?

6. Shauri "limetupwa" na shauri "limeondoshwa" vina tofauti gani?

Tofauti kubwa, na huko nyuma iliwekwa na shauri linaloanzia kusini mwa nchi yetu: Chama cha Ushirika cha Ngoni-Matengo dhidi ya Alimahomed Osman, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki mwaka 1959. Mahakama ilieleza hivi: rufaa ikiwa na kasoro inayoifanya isiwe rufaa halali mbele ya mahakama, huondoshwa. Ikiwa ni halali, ikasikilizwa na kukosa mashiko, hutupwa.

Kwa mwananchi maana yake ni hii. Kilichoondoshwa unaweza kukirekebisha na kukirudisha, kama muda bado upo au ukiongezewa. Kilichotupwa kimekwisha hapo kilipotupiwa, na safari yako ni kwenda ngazi ya juu. Mahakama zenyewe hupitiwa zikaandika neno moja mahali pa jingine, na mahakama ya juu hutazama kilichofanyika kweli kuliko neno lililoandikwa.

7. Rufaa, marejeo, mapitio: ni nini na nini?

Rufaa ni kuipelekea mahakama ya juu malalamiko kwamba ya chini ilikosea. Marejeo pia hufanywa na mahakama ya juu, ila hutazama zaidi uhalali na usahihi wa mwenendo, na aghalabu hutumika pale ambapo rufaa haipo. Mapitio ni kuiomba mahakama ileile iliyotoa uamuzi iutazame tena. Majina haya mawili ya mwisho huchanganywa hata masijala, kwa hiyo eleza unachotaka: mahakama ya juu, au hiihii?

## Muda na lugha

8. Nina siku ngapi za kukata rufaa?

Hakuna jibu moja, na asiyekuuliza shauri lako lilianzia wapi asikupe jibu.

Shauri likianzia Mahakama ya Mwanzo, una siku 30 za kwenda Mahakama ya Wilaya, na siku 30 nyingine za kutoka hapo kwenda Mahakama Kuu. Madai yaliyoamuliwa na Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi kama ngazi ya kwanza kwa kawaida yana siku 90 za kwenda Mahakama Kuu. Jinai kutoka mahakama hizohizo: taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, na sababu za rufaa ndani ya siku 45. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu: siku 45. Madai kwenda Mahakama ya Rufani huanza na taarifa ya kusudio ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na rufaa yenyewe ndani ya siku 60 tangu taarifa hiyo.

Muda unaotumika kusubiri nakala za hukumu na dikrii kwa kawaida hutolewa kwenye hesabu, lakini lazima uweze kuuthibitisha. Andika barua ya kuomba nakala siku hiyohiyo, igongwe muhuri wa kupokelewa, na nakala ubaki nayo. Kwenye safari ya Mahakama ya Rufani barua hiyo iandikwe ndani ya siku 30, na upande wa pili upelekewe nakala yake. Karatasi hii moja imeokoa rufaa nyingi kuliko hoja nzuri za sheria.

9. Naweza kukata rufaa dhidi ya uamuzi mdogo?

Kwa kawaida hapana, mpaka shauri liishe. Sheria ilirekebishwa mwaka 2002 kuzuia rufaa na marejeo dhidi ya maamuzi ya njiani, kwa sababu mashauri yalikuwa yanapanda na kushuka ngazi miaka nenda miaka rudi kwa vipingamizi, huku mgogoro wenyewe haujaguswa. Ukomo wa katazo hilo uko hapa: ikiwa uamuzi huo mdogo umelimaliza shauri kabisa, kama kwenye mfano wa swali la 2, rufaa ipo. Jiulize: baada ya uamuzi huu, pamebaki kitu cha kusikilizwa mahakama hiyo? Kama kimebaki, subiri. Malalamiko yako hayapotei, utayaweka ndani ya rufaa ya mwisho.

10. Nimepewa hukumu kwa Kiingereza. Naweza kudai ya Kiswahili?

Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, na Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, Kiingereza kikibaki kutumika pale haki inapohitaji. Mahakama ya Mwanzo ilikuwa ikitumia Kiswahili tangu zamani. Kwa hiyo omba, tena kwa maandishi. Binafsi naona hukumu ambayo aliyeshindwa hawezi kuisoma haijamfikia bado, hata kama imegongwa mihuri yote.

## Kesi rejea: uamuzi wa jana unavyoongoza wa leo

11. Kesi rejea ni nini, na kwa nini jaji ajali walichoamua wengine?

Kesi rejea ni shauri lililokwisha kuamuliwa, ambalo sababu zake zinatumika kuamua shauri jingine linalofanana nalo. Mfumo huu tuliurithi kutoka Uingereza. Sheria inayotaja vyanzo vya sheria zetu inaitambua sheria ya mazoea ya Kiingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kwa kadiri hali ya nchi na watu wake inavyoruhusu.

Hoja yake ni usawa. Wajane wawili, mmoja Bukoba na mwingine Mtwara, wenye mgogoro wa namna moja, hawapaswi kupata majibu mawili kwa sababu tu mmoja aliangukia kwa hakimu mpole. Tena watu hupanga maisha yao kwa kutazama yaliyoamuliwa: benki hukopesha, wazee hugawa mashamba, mwajiri huandika mkataba.

12. Uamuzi wa nani unamfunga nani?

Maamuzi ya Mahakama ya Rufani yanazifunga mahakama na mabaraza yote yaliyo chini yake. Katika shauri la Jumuiya ya Wafanyakazi Tanzania dhidi ya Kiwanda cha Uchapishaji cha Taifa, mwaka 1988, Mahakama ya Rufani ilisema jambo hilo bila kuzungukazunguka: mahakama za chini zinafungwa na maamuzi yake hata kama zinaona yamekosewa. Jaji wa Mahakama Kuu anaweza kuandika kwamba hakubaliani, lakini atafuata.

Maamuzi ya Mahakama Kuu yanazifunga mahakama zilizo chini yake. Majaji wa Mahakama Kuu hawafungani wao kwa wao. Huheshimiana, na anayeachana na mwenzake hutarajiwa kueleza sababu. Uamuzi wa Mahakama ya Wilaya au ya Mwanzo haumfungi hakimu mwingine, hata uwe umeandikwa vizuri namna gani.

Kenya wameliandika jambo hili ndani ya Katiba yao ya 2010, Ibara ya 163(7): mahakama zote, isipokuwa Mahakama ya Juu yenyewe, zinafungwa na maamuzi ya Mahakama ya Juu.

13. Ndani ya hukumu ndefu, ni maneno gani yanayofunga?

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo hata mawakili huteleza.

Kinachofunga ni ile kanuni ya sheria ambayo bila hiyo mahakama isingefika pale ilipofika. Wanasheria huiita kwa Kilatini ratio decidendi, nasi tunaweza kuiita kiini cha uamuzi. Maneno mengine yote, mifano, maoni, nasaha kwa Serikali, hata yawe matamu, ni maneno ya kando. Yanaweza kushawishi, hayafungi.

Chukua shauri la Donoghue dhidi ya Stevenson. Agosti 1928, mjini Paisley, Uskoti, mwanamke mmoja alinunuliwa na rafiki yake kinywaji cha tangawizi katika chupa isiyopitisha mwanga. Alidai kwamba ndani mlikuwa na konokono aliyeoza, na kwamba aliugua. Hakuwa na mkataba na mtengenezaji, hata fedha haikuwa yake. Mwaka 1932 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu ya Uingereza wakati huo, liliamua, majaji watatu dhidi ya wawili, kwamba mtengenezaji anayepeleka bidhaa ili imfikie mlaji kama ilivyotoka kiwandani ana wajibu wa uangalifu kwa mlaji huyo. Hicho ndicho kiini. Katika hukumu hiyohiyo Lord Atkin aliuliza swali pana zaidi: jirani yangu kisheria ni nani? Akajibu kwamba ni yule anayeguswa na kitendo changu kwa karibu kiasi kwamba napaswa kumfikiria kabla ya kutenda. Maneno hayo yalikuwa mapana kuliko yaliyohitajika siku ile, lakini mahakama za baadaye ziliyapokea na kuyajengea nyumba nzima ya sheria ya uzembe.

Jambo moja wengi hawalijui: konokono hakuthibitishwa. Suala lililofika juu lilikuwa la sheria tupu: ikiwa anayodai mama huyu ni kweli, sheria inamruhusu kudai? Shauri liliisha kwa maelewano kabla ushahidi haujatolewa. Ni mtindo uleule wa pingamizi la awali kwetu. Mukisa Biscuit dhidi ya West End Distributors, shauri lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki mwaka 1969, lilisema pingamizi la awali ni hoja ya sheria tupu inayosikilizwa kwa kuchukulia kwamba maelezo ya upande wa pili ni ya kweli. Ikibidi kutafuta ushahidi, hilo si pingamizi la awali. Ukipigwa pingamizi linalohitaji shahidi au nyaraka kulithibitisha, taja Mukisa.

Kuhusu kukosea kiini, funzo la karibu liko Nairobi. Desemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika shauri la Muruatetu, ilisema adhabu ya kifo ya lazima kwa kosa la mauaji ni kinyume na Katiba, kwa kuwa inamnyima jaji nafasi ya kupima mazingira. Mahakama za chini zikaanza kuitumia kanuni hiyo kwenye unyang'anyi wa kutumia nguvu, na hata kwenye makosa ya kingono yenye adhabu za chini zilizowekwa na sheria. Wafungwa wengi walipata matumaini. Julai 2021 Mahakama ya Juu ilirudi ikafafanua kwamba uamuzi wake ulihusu mauaji tu. Kanuni ilikuwa imevutwa nje ya shauri lililoizaa.

14. Nimepata kesi "inayofanana kabisa" na yangu. Nimeshashinda?

Bado. Wakili wa upande wa pili atatafuta tofauti, na akiipata yenye uzito mahakama itasema shauri lile halitumiki hapa. Hiyo si dharau kwa mahakama ya juu. Ndiyo kazi yenyewe. Kwa hiyo kabla ya kuitaja, jiulize: nikiondoa jambo hili moja katika kesi ile, jibu lingebadilika? Kama lingebadilika, na kwako jambo hilo halipo, kesi ile si yako.

15. Kuna mfano mmoja unaoonyesha maneno haya yote yakifanya kazi?

Upo, nao ni wa kwetu: Ephrahim dhidi ya Pastory.

Holaria Pastory alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia. Mwaka 1988 aliliuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Mpwa wake, Ephrahim, akaenda Mahakama ya Mwanzo, wilayani Muleba, akisema kwamba kwa mila za Kihaya mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 lilikuwa upande wake. Mahakama ya Mwanzo ikatamka mauzo ni batili. Mahakama ya Wilaya ikatengua hukumu hiyo. Mpwa akakata rufaa Mahakama Kuu, Mwanza.

Februari 1990 Jaji James Mwalusanya aliitupa rufaa hiyo. Tazama anavyopita. Kulikuwa na maamuzi ya miaka ya nyuma ya Mahakama Kuu yaliyokubali mila hiyo, na moja lilishasema kwamba mabadiliko yaachiwe jamii yenyewe. Hayakumfunga, kwa sababu iliyoelezwa kwenye swali la 12, na pia kwa sababu nchi ilikuwa imebadilika: Haki za Binadamu ziliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984. Kiini cha uamuzi wake ni kwamba mila inayombagua mwanamke katika kuuza ardhi aliyorithi inapingana na Katiba, na isomwe kana kwamba wanaume na wanawake wana haki sawa. Amri iliyofuata ilikuwa ya vitendo: mwanaukoo anayetaka shamba anaweza kulikomboa kwa kulipa zile 300,000 ndani ya miezi sita. Akishindwa, mnunuzi ndiye mmiliki halali.

Wengi hukumbuka ushindi wa Bi Pastory na kusahau hiyo amri. Haki ya ukoo kukomboa haikuondolewa. Iliwekwa sawa kwa wanaume na wanawake. Anayeitaja kesi hii kupinga ukombozi wa ardhi ya ukoo anaitaja dhidi yake mwenyewe.

16. Kesi za Kenya, Uganda au Uingereza zina nguvu kwetu?

Zinashawishi, hazifungi. Zile za mahakama ya zamani ya rufani ya Afrika Mashariki, kama Ngoni-Matengo na Mukisa, zina heshima ya pekee kwa kuwa mahakama hiyo ilikuwa yetu pia hadi Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilianzishwa mwaka 1979.

## Pale mambo yanapogongana

17. Maamuzi mawili ya Mahakama ya Rufani yakipingana, nifuate lipi?

Kwa desturi, la karibuni zaidi. Ukiwa na la zamani linalokupendelea, usilifiche jipya. Onyesha kwa nini la zamani linahusiana zaidi na jambo lako, au kwamba lile jipya lilitolewa kwa kughafilika, bila kutazama sheria iliyokuwapo.

18. Na Mahakama ya Rufani yenyewe ikikosea?

Njia mbili. Kwa wahusika wa shauri lenyewe kuna mapitio, ndani ya siku 60, kwa sababu chache tu: kosa la dhahiri lililo usoni mwa kumbukumbu lililosababisha haki kupotea, mtu kunyimwa nafasi ya kusikilizwa, uamuzi kuwa batili, mahakama kukosa mamlaka, au udanganyifu. "Sikubaliani na sababu zao" si mojawapo.

Kwa wengine wote, kuna siku ambapo mahakama itaachana na msimamo wake. Kwa kawaida hukaa majaji watatu; jambo zito la namna hiyo huitiwa jopo kamili la majaji watano au zaidi.

19. Mahakama ikisema kifungu kinakiuka Katiba, kinakufa siku hiyohiyo?

Si lazima. Ibara ya 30(5) ya Katiba inairuhusu mahakama, badala ya kutamka sheria ni batili, kuipa Serikali muda wa kurekebisha kasoro. Mfano ni shauri la Rebeca Gyumi kuhusu vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa, vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na 14 kwa idhini ya mahakama. Julai 2016 Mahakama Kuu iliona vifungu hivyo ni kinyume na Katiba, ikatoa mwaka mmoja wa kuvirekebisha. Mwanasheria Mkuu wa Serikali alikata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Mahakama inaweza kusema kifungu kina kasoro. Kalamu ya kuandika kipya iko mkononi mwa Bunge.

20. Mahakama ya Afrika iliyopo Arusha iko juu ya Mahakama ya Rufani?

Haiko juu yake kwa maana ya rufaa. Inapima kama nchi imetimiza ahadi zake za kimataifa. Katika suala la mgombea binafsi, Mahakama ya Rufani ilisema mwaka 2010 kwamba hilo ni la Bunge kuamua, si la mahakama. Mchungaji Christopher Mtikila akaenda Arusha, na Juni 2013 Mahakama ya Afrika ikasema Tanzania imekiuka haki zake. Hukumu ya 2010 haikufutika kwa hilo. Aliyeagizwa kuchukua hatua ni Serikali. Novemba 2019 Tanzania ilitangaza kujiondoa kwenye tamko lililowaruhusu watu binafsi kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo, na kujiondoa huko kukaanza kazi mwaka uliofuata.

21. Nilishindwa mwaka 2012. Sasa kuna uamuzi mpya unaonipendelea. Nifungue upya?

Hapana. Shauri lililokwisha kuamuliwa kati ya watu walewale juu ya jambo lilelile halifunguliwi tena, hata sheria ikieleweka vingine baadaye. Najua jibu hili linauma. Bila hilo, hakuna nyumba wala shamba ambalo mtu angelala akijua ni lake.

22. Naweza kutaja kesi rejea mwenyewe, bila wakili? Nazipata wapi?

Unaweza. Maamuzi mengi ya Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu yamewekwa bure kwenye TanzLII, tovuti ya sheria na maamuzi ya mahakama za Tanzania. Utaona alama kama TZCA kwa Mahakama ya Rufani na TZHC kwa Mahakama Kuu, pamoja na mwaka. Kwenye hukumu za zamani utakuta TLR, HCD na EA. Hivyo ni vifupi vya majina ya vitabu vya kumbukumbu za mashauri, na namba inayofuata ni ukurasa au namba ya shauri.

Kabla ya kuichapisha na kwenda nayo, hakikisha haikutenguliwa. Mwaka 1994 Jaji Mwalusanya, yuleyule wa swali la 15, aliandika hukumu kali akisema adhabu ya kifo inakiuka Katiba. Bado inasomwa, na inasomeka vizuri. Lakini mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani, katika shauri la Mbushuu, ilisema adhabu hiyo ni halali kikatiba. Anayeitaja ile ya 1994 bila kutaja ya 1995 atasahihishwa na wakili wa Serikali ndani ya dakika moja, na maneno yake yatakayofuata yatasikilizwa kwa mashaka.

Ukisimama, taja jina la shauri, mwaka, mahakama, na ukurasa wenye kiini. Mpe hakimu nakala moja na upande wa pili nyingine. Kisha eleza kwa maneno yako mwenyewe shauri lile linafananaje na lako.